Tumbo Lililopewa Shikamoo

Mtoto wa Jenoveva ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutamka maneno yakaeleweka, mama yake alipomshika bega pale njiani akamgeuza.

"Msalimie kaka."

Mtoto akatafuta kaka, hakumwona. Alimwona jirani yao Mwanamisi, mke wa Bakari, kasimama na jembe begani na tumbo mbele, na nyuma yake ukungu umeshuka mpaka kwenye makabichi.

"Huyo humo ndani," Jenoveva akasema, kidole kikielekea kwenye tumbo. "Alikuwemo humo kabla wewe hujawa hata wazo. Ni mkubwa wako huyo. Haya, mpe heshima yake."

"Shikamoo," mtoto akaliambia tumbo.

Na tumbo likajibu. Halikusema marahaba, tusitie chumvi. Lilitoa mlio mmoja mrefu, mzito, kama maji yanayojipindua ndani ya pipa lenye mfuniko. Jenoveva akapiga vigelegele. Mtoto akajificha kwenye khanga ya mama yake akalia kilio cha mtu aliyeona jambo. Mwanamisi alishika ubavu, akaendelea na safari yake ya shambani, polepole, kama mtu aliyebeba mtungi wa mwenzake.

Msimwone Jenoveva mwendawazimu. Hesabu yake ilikuwa safi. Mimba ya Mwanamisi ilitangulia yake, na mtoto wa Jenoveva alikuwa tayari anatembea na kuiba mayai. Kwa hiyo aliyekuwa tumboni alikuwa mkubwa, na mkubwa huamkiwa. Serikali ilitaifisha mabenki, ikataifisha mashamba ya mkonge huko chini, shikamoo haikuigusa. Usambara unaweza kumnyima mtu ardhi, mke, hata maji ya mfereji, lakini shikamoo yake utampa.

Kijiji chao kiliitwa Kwemzunga, kwenye mgongo wa kilima juu ya Mlola. Watu walihamishiwa hapo wakati wa operesheni ya vijiji, nyumba zikapangwa mstari mmoja ili, kwa maneno ya bwana aliyekuja na Land Rover, maendeleo yapate pa kupita. Mpaka wakati huo ulikuwa umepita upepo tu, na ukungu, ambao uliingia mlango wa mbele wa kila nyumba na kutoka wa nyuma bila kubisha hodi.

Mwanamisi alikuwa mkulima wa makabichi na maharage, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde na mabega ya kubeba tenga zima mpaka sokoni Mlola. Alikuwa na kila kitu isipokuwa mtoto. Bakari hakuwahi kumsema kwa hilo. Bakari alikuwa mtu wa kusema maneno machache, nayo kuhusu mbolea. Mama mkwe wake, Bi Mwanaisha, naye hakumsema. Alikuwa akivuta pumzi tu, ndefu, kila kuku wa jirani alipoangua vifaranga.

Kwa hiyo tumbo lilipoanza kutokeza, nyumba nzima ilisimama wima kwa furaha. Wakampeleka zahanati.

Zahanati ilikuwa na Nathanaeli. Alikuwa mganga msaidizi, kijana, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri, lakini alivaa koti jeupe, kwa hiyo wazee wenye mvi waliinama wakampa shikamoo na kumwita Daktari, naye akaitikia marahaba bila kupepesa jicho. Koti lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko kijiji kizima. Nathanaeli alichukua kipembe chake cha mti, kile cha kusikilizia watoto tumboni, akakiweka juu ya tumbo la Mwanamisi. Kwa usahihi zaidi, alikiweka juu ya khanga mbili, gauni na shimizi, kwa sababu Mwanamisi asingefunua mbele ya mwanamume na mwana wa mwinjilisti asingethubutu kumwambia afunue. Akafumba macho. Nje Bi Mwanaisha alikuwa akiomba dua kwa sauti ya kutisha wagonjwa.

"Yupo," Nathanaeli akasema.

Kuna jambo hakuuliza, na Mwanamisi hakulisema. Alikuwa bado anaingia mwezini, kila mwezi, kama wanawake wote wasio na mimba. Alikwisha kumwambia mama mkwe, na Bi Mwanaisha alimjibu kwamba damu hiyo ni ya mtoto kujisafisha, mtoto wa ukoo wao huwa msafi. Kumwambia Daktari jambo hilo! Afadhali angeambiwa avuke soko la Mlola bila nguo. Akaenda zake na neno lake moyoni.

Miezi ya kuzaa ikafika ikapita. Tumbo halikuteremka. Likakaa.

Ndipo akaitwa Mzee Abrahamu kutoka Shume, huko kwenye misitu, ambaye zamani alikuwa mzee wa kanisa mpaka alipogundua kwamba mizizi ina waumini wengi zaidi. Alimzunguka Mwanamisi, akamgonga mgongo kwa kifundo cha kidole kama mtu anayenunua fenesi.

"Mimba imelala," akasema. "Imegeuka, imeshika mgongo, imelala. Hizi hulala hata miaka. Inatakiwa kuitwa. Kila anayepita aiite, aisemeshe vizuri, mpaka iamke yenyewe." Halafu akashusha sauti, na watu wakasogea. "Lakini asitokee mtu wa kusema hakuna mtoto. Huyu anasikia. Akisikia anakanwa atapanda, atashika moyo wa mama yake, ataubana."

Sasa niambie wewe: mtu anakwenda wapi kusema maneno ambayo tumbo lake mwenyewe lisiyasikie?

Kijiji kikaanza kuita. Asubuhi watu wakienda kwenye shamba la ujamaa walikuwa wakipita kwa Bakari na kusimama kwenye ukungu, nyuso hazionekani, sauti tu: "Habari za humo?" "Umeamkaje, bwana mdogo?" "Toka basi, maharage yameiva." Mwenyekiti wa kijiji, mtu wa kadi ya chama na redio, alisema mkutanoni kwamba katika Ujamaa kila mtu ni ndugu, kwa hiyo na aliyemo tumboni ni ndugu, na ndugu ana haki ya mgawo wa sukari. Makofi. Sukari ya tumbo ikawa inahifadhiwa na Bi Mwanaisha, aliyekuwa na mikono salama na chai tamu.

Mwanzoni Mwanamisi naye aliita. Alikuwa anamtaka mtoto yule kuliko wote. Alikaa peke yake kati ya mistari ya makabichi akalisemesha tumbo mpaka midomo ikakauka. Lakini tumbo lilikuwa na tabia zake. Halikupiga teke. Lilihama. Leo lilikuwa kulia, kesho kushoto, zima zima, kama mtu anayegeuka kitandani akiwa hataki kuamshwa. Kisha likaanza maumivu. Kwanza ya kukata, halafu ya kusokota, ya kumfanya apige magoti shambani akiwa ameshika udongo kwa mikono miwili. Mashavu yakaingia ndani, miguu ikajaa maji. Kicheko kile cha ng'ambo ya bonde kikapotea, na hakuna aliyeuliza kilikwenda wapi. Walipokutana naye hawakumtazama usoni tena. Walimsalimia yeye kwa haraka, kama anavyosalimiwa mlinzi wa mlango, halafu macho yakashuka na heshima yenyewe ikaanza.

Siku moja mchana, akiwa amejilaza baada ya maumivu, aliamshwa na mazungumzo. Hakufumbua macho. Sauti ilikuwa ya mama mkwe wake, karibu sana, chini, kwenye usawa wa kitovu.

"Na chakula kinakutosha?" Bi Mwanaisha aliuliza. Kimya. Kimya cha mtu anayesikiliza. "Ahaa. Nitamwambia apunguze pilipili."

Kimya tena. Mama mkwe akacheka kidogo, kama unavyocheka na mtu unayefahamiana naye.

"Weee! Hayo usimwambie mama yako."

Mwanamisi aliendelea kujifanya amelala. Akabana pumzi. Mama mkwe akasikiliza kwa muda mrefu safari hii, akiguna, "Mmh... mmh," na alipojibu sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli, na upole.

"Najua, mjukuu wangu. Kama huwezi kutoka yeye akiwa mzima, basi. Mungu ndiye mpangaji. Sisi tutakulea."

Hapo Mwanamisi akaelewa. Hatari yenyewe ilikuwa hii: tumbo lilikuwa linaulizwa, tena kwa adabu, na yeye peke yake katika kijiji kizima hakuwa ameulizwa kitu. Atakufa, na wataendelea kuzungumza.

Jioni hiyo, mwanga bado upo, alimkuta Bakari akinoa jembe.

"Bakari, nataka kwenda Lushoto, hospitali."

Bakari akatazama tumbo, akatazama mlango wa mama yake. "Unasema mbele ya..." akalionyesha tumbo kwa kidevu.

"Kasikia. Mwache asikie. Mimi nakufa, Bakari."

Bakari akaendelea kunoa, mara mbili tatu. "Zahanati kwanza," akasema. "Bila barua ya Daktari hatupokelewi."

Kesho yake wakawa mbele ya Nathanaeli, Bi Mwanaisha akiwa nyuma yao na akaingia bila kukaribishwa. Nathanaeli akachukua kipembe. Akafumba macho juu ya khanga mbili, gauni na shimizi. "Anasikika vizuri," akasema haraka mno.

"Daktari, shikamoo," Mwanamisi akasema, maana hata anayekwenda kuvunja nyumba hupiga hodi. "Mimi naingia mwezini. Nimeingia kila mwezi tangu mwanzo. Sijawahi kukosa."

Bi Mwanaisha akapiga yowe akakimbilia kuziba tumbo kwa viganja vyake, kushoto na kulia, kama kuziba masikio ya mtu. Bakari akageukia ukuta wenye picha ya kampeni ya kuchimba vyoo na kuisoma kwa makini makubwa. Nathanaeli alibaki na kipembe mkononi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Ungesema tu, mama."

"Nimkatize Daktari? Wewe ulishasema yupo."

Nathanaeli akakaa kwenye kiti chake. Ghafla ukaonekana umri wake, kijana mdogo ndani ya koti kubwa. "Mama," akasema, "mimi nilisikia moyo wako wewe nikataka uwe wa mtoto, mama mkwe wako anaomba pale nje, nikasema yupo. Halafu nikirudia nikawa nasikia kweli. Hata sasa hivi nimesikia. Kitu kinapumua humo, wallahi." Mtoto wa mwinjilisti akaapa kiapo cha Waislamu bila kujitambua. Halafu akaandika barua. "Nenda. Na huko ukiulizwa, sema. Usipoulizwa, sema vilevile."

Lori la makabichi liliwapeleka Lushoto, Bi Mwanaisha mbele kwa dereva, Mwanamisi kati ya magunia, akiyumba kila kona, tumbo likiyumba kinyume chake. Njia nzima alingoja moyo wake ubanwe. Alikwisha kumkana mtoto mchana kweupe, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Kila alipokosa pumzi alifikiri: haya, amefika, ameshika. Kwenye kona za miti ya miwati ukungu uliingia ndani ya lori ukamfunika mpaka asione mikono yake, na humo katikati ya weupe kitu kilijinyoosha ndani yake, taratibu, kama kinachoamka. Bakari alimshika kifundo cha mguu na hakukiachia mpaka mjini.

Daktari mpasuaji aliitwa Kristofa, mtu mzima mwenye miwani na uchovu. Akauliza maswali, na majibu yote alikuwa nayo Bi Mwanaisha.

"Anakula?"

"Anakula vizuri, ila hapendi pilipili."

"Nani, mgonjwa?"

"Mtoto."

Daktari Kristofa akavua miwani akaifuta. "Na maumivu yalianza lini?"

"Si maumivu, Daktari, anajigeuza. Mwenyewe kaniambia..."

"Mama, samahani," Mwanamisi akasema, na sauti yake ilitoka juu kuliko alivyotaka, chumba kizima kikageuka. "Daktari, mwenye tumbo ni mimi. Niulize mimi."

Daktari akamtazama, nadhani ndiyo mara ya kwanza. Kisha akamwomba Bi Mwanaisha asubiri nje, na Bi Mwanaisha akatoka akilitazama tumbo, si mkwewe. Mwanamisi akasema yote: damu, kuhama, kusokota, na mazungumzo ya mchana ule. Alifunua mwenyewe, mbele ya muuguzi, akitazama dari. Daktari alibonyeza kwa vidole vya baridi kwa muda mrefu.

"Huu ni uvimbe," akasema. "Unatakiwa kutolewa. Naona unajisokota, na ukijisokota wote tutakuwa tumechelewa kukuokoa."

"Ukifungua ukakuta mtoto?"

Wengi wangecheka. Yeye hakucheka. "Nikikuta mtoto nitamtoa mtoto. Nikikuta uvimbe nitatoa uvimbe. Siwezi kukuahidi kwamba hutakufa mezani. Nikikuacha hivi utakufa, hilo naweza kukuahidi." Akamgeukia Bakari. "Bwana, unakubali?"

Bakari akatazama viatu vyake. "Muulize mwenyewe," akasema, hotuba ndefu kuliko zote za maisha yake zisizohusu mbolea.

"Nakubali," Mwanamisi akasema. "Lakini kitakachotoka nionyeshwe. Chote. Kisitupwe sijakiona."

"Si jambo la kupendeza, mama."

"Sijasema la kupendeza. Nimekibeba muda wote huu."

Daktari akasita, akakubali.

Alipozinduka, koo kavu, tumbo linawaka moto, aliweka mkono akakuta uwanda. Palikuwa pametulia. Utulivu ule ulimtisha kuliko milio yote. Daktari Kristofa alikuwa karibu na kitanda, na nyuma yake muuguzi ana beseni lililofunikwa kitambaa.

"Ulikuwa uvimbe," Daktari akasema. "Umekwisha. Pumzika."

"Nionyeshe."

"Ukipata nguvu."

"Tulikubaliana, Daktari."

Akatazamana na muuguzi. Kisha akafunua mwenyewe.

Ulikuwa mfuko, mkubwa kama kichwa cha kabichi lililokomaa, umepasuliwa. Ndani kulikuwa na mafuta kama samli iliyoganda, na kwenye mafuta hayo nywele. Nywele nyingi, nyeusi, ndefu, zimejiviringisha. Na kando, kwenye ukuta wa mfuko, meno. Yalikuwa meupe, yamekaa yakielekea juu, meno ya mtu.

Muuguzi alitazama pembeni. Mwanamisi hakutazama pembeni.

"Ana meno," akanong'ona.

"Si mtoto, mama. Hakuwahi kuwa mtoto. Nisikilize." Daktari akavuta kiti akakaa, jambo ambalo madaktari hawalifanyi. "Mwili unajua kutengeneza nywele na meno, ndiyo kazi yake. Mara nyingine unakosea pahali. Hakuna moyo humu. Hakuna kichwa. Hakuna masikio. Hakikusikia neno hata moja."

"Si cha mume wangu?"

"Wala si cha mume wako. Umekitengeneza peke yako."

Akakitazama tena. Kijiji kizima kiliinamia kitu hiki. Sukari ilitolewa kwa ajili ya hiki. Na meno yale, jinsi yalivyokaa, ungeapa yalikuwa yanacheka.

"Mama mkwe wako anauliza atapewa lini mtoto amzike," Daktari akasema. "Nimwambie nini? Uamuzi ni wako."

"Mwite aone."

Bi Mwanaisha akaingia, akaona. Hakulia. Alipeleka kidole, akagusa nywele, akakirudisha haraka kama kimeungua. Alitafuta uso kwa muda mrefu, akaligeuza beseni upande huu na ule. Uso haukuwepo. Mwisho akamtazama mkwewe, machoni, kwa mara ya kwanza tangu miaka ya shikamoo ianze. "Sasa mimi nilikuwa naongea na nani?" akauliza. Akatoka akishika ukuta.

"Chomeni," Mwanamisi akasema.

Muuguzi akaondoka na beseni. Daktari naye akasimama, akarekebisha shuka ambalo halikuhitaji kurekebishwa. Mwanamisi alikuwa ameishi na watu wa kutomtazama usoni kwa muda mrefu. Aliijua tabia hiyo hata ikiwa na miwani.

"Daktari. Hiki kilikuwa upande gani?"

"Kulia, kwenye kifuko cha mayai ya uzazi. Nimekitoa chote."

"Na kushoto umetazama?"

"Nimetazama."

"Umeona nini?"

Akageukia dirisha. Dirishani ukungu ulikuwa umeegemea kioo. "Kuna kingine," akasema. "Kidogo sana, kama punje ya haragwe. Nimekiacha. Ningeondoa na upande huo usingepata mtoto tena, na huna mtoto. Huenda kisikue kabisa. Huenda kikakua."

"Ungeniambia lini?"

"Ukipona. Nilifikiri..."

"Nimelala mbele yako tumbo wazi, Daktari, nikakuamini. Hukuniamini mimi kwa punje ya haragwe?"

Daktari Kristofa akakaa tena kwenye kiti. Safari hii hakuvua miwani. "Umesema kweli," akasema. "Sasa nakuuliza. Ukitaka nikiondoe, utakapopata nguvu nitakiondoa. Ukitaka kikae, kitakaa, lakini uje nikupime kila baada ya mavuno, hata kama huumwi, hata kama kijiji kizima kinasema hujambo."

Mwanamisi akaweka kiganja upande wa kushoto, chini ya kidonda. Hakusikia kitu. Akabonyeza kidogo, taratibu, jinsi alivyomwona Daktari akibonyeza, akipapasa punje hiyo moja gizani mwake.

"Kikae," akasema. "Na unifundishe namna ya kukitafuta. Weka mkono wako hapa, juu ya wangu. Bonyeza."